Beringi ndogo iliyonifanya niilaumu klachi nzima

Kwa miezi mitatu niliamini kwamba klachi ya pikipiki yangu imekwisha. Injini ikiwa inaunguruma, nikivuta mkono wa klachi kulitoka mlio mwembamba, mkavu, kama kisu kinachonolewa kwa haraka. Nikiuachia, mlio unakatika. Nikivuta tena, unarudi. Injini ikipata joto mlio ulipanda, na mwisho wa safari ndefu gia ya kwanza ilikuwa inaingia kwa kishindo ambacho nilikisikia kwenye kisigino.

Pikipiki yenyewe ni BMW R75/6 ya mwaka 1975. Mjomba wangu aliniachia goti lake lilipomkataza kuendesha. Injini ni ya mitungi miwili iliyolala, mmoja kulia na mmoja kushoto, cc 745, giaboksi ya gia tano, na nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti, si kwa mnyororo. Nimeianika hivi mapema kwa sababu vipimo nitakavyovitaja ni vya pikipiki hii. Ukiwa na nyingine, fuata wazo, vipimo vitafute vya kwako.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alisikiliza kwa nusu dakika akasema pleti imeliwa. Alishusha giaboksi, akabadilisha pleti ya klachi, akarudisha kila kitu. Mlio ukabaki palepale. Ile pleti ya zamani alinirudishia kwenye mfuko, nami niliipima nyumbani kwa vernia, kile kipimo cha unene: milimita 5.6. Pleti mpya ya pikipiki hii ina unene wa milimita 6, na ya kutupwa ni ile iliyoshuka hadi 4.5. Kwa maneno mengine, nilitoa pleti iliyokuwa na maisha marefu mbele yake. Hilo ningelimeza. Kilichoniuma ni kwamba giaboksi ilikuwa mezani, beringi iliyokuwa inalia ilikuwa humohumo nyuma yake, na hakuna aliyeinyoshea hata kidole.

Ndipo nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Inalia nini hiyo pikipiki? Mama yako ameniambia."

Akaniambia niiwashe, niiweke nyutro, nishushe simu karibu na giaboksi, upande wa nyuma, si karibu na injini. Akaanza kuniamuru: vuta, achia, vuta, shikilia, achia. Nilimsikia ananyamaza. Kisha akasema, "Pleti ikiisha hailii, inateleza. Unaongeza mafuta, injini inapanda, pikipiki haiendi. Yako inateleza?" Nikamjibu hapana, inavuta vizuri. "Basi huyo anayelia ni beringi ya kusukumia. Na amelia muda mrefu."

Beringi hii ina majina mengi. Mafundi wa magari huiita rilizi beringi, wengine husema beringi ya klachi tu. Mimi nitabaki na jina la mjomba, beringi ya kusukumia, kwa sababu linaeleza kazi.

Nikueleze ilivyo, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeendesha miaka minne bila kujua.

Klachi ya pikipiki hii ni kavu, ya pleti moja, ndugu zaidi wa klachi ya gari kuliko zile klachi za pleti nyingi zinazoogelea ndani ya oili. Imekaa kati ya injini na giaboksi. Springi pana yenye umbo la sahani inaibana pleti muda wote, na kazi ya vidole vyako ni kuishinda springi hiyo kwa kitambo. Ukivuta mkono wa klachi, waya unavuta wenzo ulio nyuma ya giaboksi, chini kabisa, mahali ambapo tope la gurudumu hupenda kurukia. Wenzo unasukuma pistoni fupi. Pistoni inasukuma beringi, beringi inasukuma ufito mrefu wa chuma, nao ufito unapita katikati ya shafti ya giaboksi, ambayo ina tundu mwanzo hadi mwisho, unatokea upande wa mbele na kuisukuma presha pleti, sahani ya chuma ambayo springi huitumia kuibana pleti, kuelekea kwenye injini. Pleti inapata pumzi, gia inaingia.

Sasa tazama tatizo lililomo humo. Presha pleti inazunguka pamoja na injini. Ufito ukiigusa, nao unazungushwa. Lakini wenzo ulio nyuma hauzunguki, umefungwa kwa pini kwenye giaboksi. Kwa hiyo kati ya presha pleti na wenzo lazima pawe na mahali ambapo kinachozunguka kinakutana na kilichotulia, na hawakutani kwa kupita tu, wanakutana huku wakikandamizana. Upande mmoja mizunguko 3000 kwa dakika, upande wa pili sifuri, na katikati yao uzito wote wa springi ya klachi. Mahali hapo ndipo beringi ya kusukumia inapoishi. Beringi ya gurudumu hubeba mzigo unaotoka ubavuni. Hii hubeba mzigo utosini. Ndiyo maana umbo lake ni tofauti: washa mbili, yaani pete bapa, za chuma kigumu zenye mfereji, na katikati yake kikapu cha gololi. Matoleo ya baadaye ya pikipiki hizi yaliacha gololi yakatumia roli nyembamba kama sindano, lakini ya kwangu ni ya gololi.

Kila mtengenezaji alilitatua suala hili kwa namna yake, na mimi hupenda kuzilinganisha. Ural, ambazo asili yake ni M-72 ya Wasovieti iliyonakiliwa kutoka BMW R71, nazo zinasukuma kutoka nyuma ya giaboksi kwa ufito na beringi, kwa hiyo mwenye Ural atajisikia nyumbani akisoma hapa. Harley-Davidson za zamani za giaboksi ya gia nne zinaweka beringi mwisho wa shafti, ndani ya kifuniko cha upande wa kiki. Triumph Bonneville zilizounganishwa injini na giaboksi tangu 1963 zina gololi tatu zinazopanda kwenye miteremko midogo na kusukuma ufito. Norton Commando ina gololi moja tu kwenye wenzo wake, na waya ukilegea kupita kiasi wenzo unaweza kudondoka kutoka mahali pake, ukadhani waya umekatika kumbe ni mzima. Honda CB750 iliyotoka 1969 imeweka beringi ndani ya klachi yenyewe, unaifikia kwa kufungua kifuniko cha pembeni. Muundo ni tofauti, lakini fundisho la sikio ni karibu lilelile.

Na sikio ndilo la kwanza. Weka nyutro, injini ipate joto, kisha sikiliza kwa utulivu. Kelele ikija unapovuta klachi na kuondoka unapoachia, mshuku beringi ya kusukumia, kwa sababu hapo ndipo inapobebeshwa mzigo. Kelele ikiwepo klachi ikiwa imeachiwa, na ikaondoka unapovuta, hiyo inatoka ndani ya giaboksi, kwenye shafti na gia zake ambazo husimama klachi inapovutwa. Katika pikipiki hizi mtikisiko kidogo wa namna hiyo kwenye nyutro ni wa kawaida, usikufanye ufungue giaboksi bure. Na kama hakuna kelele ila injini inapanda bila mwendo kuongezeka, hapo ndipo unapoanza kuzungumza habari za pleti. Dalili hizi tatu zingeniokolea ile pleti yangu ya milimita 5.6.

Nilianza kazi Jumamosi asubuhi. Kwanza kabisa waya hasi wa betri. Kwenye pikipiki hii waya huo umefungwa kwenye giaboksi, kwa boliti ileile inayoushika waya wa spidi. Boliti hiyo ina tundu katikati kwa sababu ndiyo njia ya giaboksi kupumulia, hivyo kuta zake ni nyembamba na ukiikaza kwa hasira inakatika. Nimekaa nayo muda mrefu katika maelezo kwa sababu hapohapo ndipo nilipokuta chanzo cha kwanza cha shida yangu. Waya wa spidi unaingia juu ya giaboksi ukiwa umevalishwa kofia ya mpira. Kofia yangu ilikuwa imepasuka upande usioonekana, ule unaotazama injini. Kila nilipoosha pikipiki, kila mvua, maji yalikuwa yanaingia taratibu ndani ya giaboksi.

Nilipofungua boliti ya kumwagia oili nilijua mara moja. Giaboksi hii inachukua mililita 800. Iliyotoka ilikuwa ya kijivu, yenye ukungu, nzito kama rangi ya ukuta. Oili hiyohiyo ndiyo inayoilainisha beringi ya kusukumia. Kwa hiyo beringi yangu ilikuwa inakunywa maji.

Ipo njia ya kuitoa beringi kwa nyuma bila kushusha giaboksi, na nitaieleza mbele kwa sababu nililazimika kuitumia. Lakini nilitaka pia kutazama meno ya shafti ya kuingilia, ambayo yanahitaji kupakwa grisi yake kila baada ya muda na yakikauka yanalika, hivyo nikashusha. Gurudumu la nyuma likatoka, nikavuta nyuma ile soksi ya mpira iliyofunika kiungo cha shafti, oili kidogo ikadondoka, nikafungua boliti nne za shafti moja baada ya nyingine huku nikizungusha, nikaurudisha nyuma mkono wa gurudumu, nikatoa boksi la hewa, kisha vifungio vya giaboksi kwenye injini. Giaboksi ivutwe moja kwa moja kurudi nyuma. Usiiache ining'inie kwenye pleti hata sekunde, maana uzito wake unaning'inia kwenye kitovu cha pleti na unaweza kukipinda. Nilimwomba dada yangu ashike upande mmoja.

Klachi yenyewe sikuigusa, na flaiwili, lile gurudumu zito linalobeba klachi mwisho wa krenki ya injini, hata kuisogelea sikuisogelea. Nalisema kwa yeyote atakayepata hamu ya kuendelea mbele akiwa amefika hapo: kwenye injini hizi, ukifungua flaiwili bila kwanza kuizuia krenki isisogee kwa mbele, krenki inaweza kuteleza, washa ya ndani ikadondoka kutoka kwenye pini zake bila wewe kuona. Ukifunga hivyo, unaiharibu injini iliyokuwa nzima. Kazi yangu ilikuwa beringi, nikabaki kwenye beringi.

Nyuma ya giaboksi kuna kifuniko cha mpira chenye mikunjo kinachozunguka pistoni. Nacho kilikuwa kimechanika. Nikatoa pini ya wenzo, wenzo ukaachia, nikavuta pistoni.

Nilichokiona nakikumbuka kama picha. Pistoni, ambayo haipaswi kuzunguka kamwe, ilikuwa na mikwaruzo ya mviringo mwilini mwake mwote. Maana yake beringi ilikuwa imekwama kiasi kwamba mara nyingine iliacha kuzunguka yenyewe na kuiburuta pistoni izunguke nayo. Kichwa cha boliti ya kurekebishia, kile kinachoigusa pistoni kutoka kwenye wenzo, kilikuwa kimechimbika kikafanana na kisahani. Beringi ilitoka vipandevipande. Kikapu kilikuwa kimekatika sehemu mbili. Gololi zilikuwa na vidonda, nyingine zimepoteza mng'ao kabisa, na moja imemeguka. Washa ya upande wa ufito ilikuwa na mashimo madogo mahali ambapo gololi zilikuwa zinakaa, yamepangana kwa nafasi sawa, na kutu ndani ya kila shimo.

Ncha ya ufito ilikuwa ya buluu. Chuma kilichosuguliwa kikageuka buluu kimefika joto la nyuzi karibu 300, na ugumu wake si ule tena aliouacha mtengenezaji. Ufito wa namna hiyo ukiurudisha na beringi mpya, ncha yake laini italika, nafasi ya klachi itakuwa inabadilika kila wiki, na unga wa chuma utaingia kwenye beringi uliyoinunua. Nikauweka pembeni na nikaagiza mpya.

Nilikaa chini nikaanza kujiuliza nani kaiua beringi hii. Maji, ndiyo. Lakini siyo maji peke yake. Yule fundi aliporudisha klachi alikaza waya hadi mkono haukuwa na mlegeo wowote. Mkono usipokuwa na mlegeo, ufito unaigusa presha pleti muda wote, hata ukiwa unaendesha bila kugusa klachi, na beringi inabeba mzigo kilomita zote badala ya sekunde chache za kubadili gia. Tena kumbuka kwamba pleti ikilika, presha pleti inarudi nyuma kuelekea giaboksi na kuusukuma ufito nyuma. Mlegeo haungoji uuondoe wewe, unapungua wenyewe. Ukianza na sifuri, unaelekea chini ya sifuri.

Na sababu ya tatu ni mimi. Kwenye taa nyekundu nilikuwa naweka gia ya kwanza mapema, navuta klachi, nasubiri. Dakika moja, dakika mbili, vidole vimekaza. Nilimkumbuka mjomba nilipokuwa mdogo nimepakiwa nyuma yake. Kila tuliposimama aliingiza nyutro, akaachia klachi, akaweka mikono mapajani. Taa ikibadilika aliondoka akiwa wa mwisho. Nilikuwa namwonea aibu. Beringi aliyonikabidhi ilikuwa imeishi miaka mingi mikononi mwake, kwangu ikaisha ndani ya miaka minne.

Vifaa vilipofika niliviweka juu ya kitambaa cheupe: beringi, ufito, pistoni, pete ya felti, kifuniko cha mpira cha nyuma, boliti ya kurekebishia na nati yake, kofia ya waya wa spidi. Kabla ya yote nililaza ufito mpya kando ya ule wa zamani. Fito za matoleo tofauti ya pikipiki hizi hazilingani urefu, na tofauti ndogo inatosha kukunyima klachi au kukunyima mlegeo. Zililingana, ukiacha ile ncha iliyolika. Kisha nikauviringisha ule mpya juu ya kioo cha meza. Ufito ulionyooka unakwenda kwa sauti moja. Uliopinda unagonga.

Tundu la pistoni nililisafisha kwa kitambaa na mafuta ya taa, nikalipapasa kwa kidole. Kidole kinahisi ukingo ambao jicho haliuoni. Palikuwa na mkwaruzo mwepesi, nikaupitisha karatasi laini kabisa ya msasa yenye oili, kidogo tu, kisha nikasafisha tena hadi kitambaa kikatoka cheupe. Pistoni mpya iliteleza ndani kwa uzito wake na kutoka bila kushika. Pistoni inayoshika kwenye tundu lake itakupa klachi isiyorudi vizuri, na utaanza tena kulaumu pleti.

Felti nililoweka oili kabla ya kuivisha. Kazi yake ni kuizuia oili ya giaboksi isiufuate ufito hadi kwenye klachi kavu. Ni kitu kidogo sana, lakini tone la oili kwenye pleti linaleta mtelezo ambao hautoki kwa kupanguswa. Meno ya shafti nikayapaka grisi yenye molibdenamu kwa brashi ndogo, tabaka jembamba. Ukipaka nyingi, inatupwa pembeni shafti ikizunguka na inaishia kwenye pleti hiyohiyo uliyokuwa unailinda.

Halafu nikaweka beringi, na hapa nilikosea. Kila washa ina uso mmoja wenye mfereji na mwingine bapa. Mifereji inatazama gololi, pande zote mbili. Najua hivyo sasa kama ninavyojua jina langu. Siku hiyo niliijaza grisi ili vipande vishikamane, mfereji ukafunikwa, nikageuza washa moja nyuma mbele. Nikazungusha kwa kidole, ikazunguka laini kabisa. Mezani hakuna mzigo, kila kitu kinazunguka laini. Nikafunga giaboksi, shafti, gurudumu, oili mpya, nikawasha, nikavuta klachi. Ikakwaruza.

Nilizima injini nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa muda mrefu. Dada yangu aliniuliza kama ninalia. Nilikuwa nafikiri, lakini haikuwa mbali.

Kwa bahati ile njia ya nyuma ipo. Nafasi ni finyu, unafanya kazi kwa vidole viwili na kioo kidogo. Nililegeza waya kabisa, nikatoa pini ya wenzo, nikaondoa kifuniko cha mpira, nikavuta pistoni kwa koleo la ncha nyembamba nililolizungushia kitambaa, kisha beringi nikaivuta kwa sumaku, kipande kimoja kimoja, nikivipanga kwa mpangilio niliovitoa nao. Washa ya mwisho ilipotoka, uso bapa ulikuwa unazitazama gololi. Dakika chache za kuwa chini ya mzigo zilikuwa zimeshauchora mstari. Gololi zilikuwa salama, lakini sikutaka kubahatisha, nikaagiza beringi nyingine. Ilipokuja, sikutia grisi kabla ya kuutazama kila uso kwenye mwanga, nikaupapasa kwa ukucha, nikautaja kwa sauti: mfereji, gololi, mfereji. Kisha grisi.

Urekebishaji ndio sehemu ambayo watu huiruka, na ndio unaoamua beringi mpya itaishi muda gani. Kwenye giaboksi hii ya gia tano kuna kipimo cha milimita 201, nyuma kule, kati ya wenzo na kile kishikio cha mbele kinachobeba ganda la waya. Kipimo hiki kinauweka wenzo kwenye pembe inayofaa ili usogee vizuri unapovutwa. Unakipata kwa kuzungusha kirekebishi kilicho juu, kwenye mkono wa klachi. Kikishatimia, kirekebishi cha juu unakiacha. Mlegeo unautafuta nyuma, kwa ile boliti ya kwenye wenzo, hadi mkono uwe na nafasi ya milimita 2 kati yake na kikalio chake kabla waya haujaanza kuvuta. Kaza nati, kisha pima tena vyote viwili, kwa sababu boliti hupenda kuzunguka pamoja na nati inapokazwa. Wengi hufanya kinyume, wanautafuta mlegeo kwa kirekebishi cha juu kwa sababu kiko karibu na mkono. Mlegeo wanaupata, lakini wenzo unabaki umeinama vibaya, klachi inakuwa nzito na haiachii yote.

Nikawasha. Nikavuta. Palikuwa na mngurumo wa injini tu, na ule mtikisiko mdogo wa giaboksi ukakatika nilipovuta, kama unavyotakiwa. Nikaachia, nikavuta, nikaachia, labda mara thelathini.

Baada ya kilomita 500 nilipima tena. Mlegeo ulikuwa umebaki milimita 2. Oili niliyoichungulia ilikuwa safi, bila ukungu. Nilimpelekea mjomba pikipiki Jumapili iliyofuata, na ile beringi ya zamani ndani ya kopo. Aliimwaga kiganjani, akaisogeza kwa kidole gumba gololi iliyomeguka, hakusema kitu. Kisha akaomba nimsaidie kupanda. Goti lake halikunji vizuri lakini mkono wa kushoto bado uko sawa. Aliwasha, akavuta klachi, akainamisha kichwa upande, akasikiliza. Akaachia. Akanitazama na kuuliza, "Taa zikiwaka nyekundu unafanyaje siku hizi?"

"Nyutro, mjomba."

"Na mkono?"

Nikamwonyesha, viganja vyote viwili juu ya mapaja.